Mtandao wa nyumbani: Jinsi ya kuuweka, kuulinda na kutambua hitilafu yake

INTANETI inapokatika katika nyumba nyingi za mijini, hatua zinazochukuliwa hufanana. Mmoja huchomoa ruta kwenye umeme na kuichomeka tena, mwingine hubonyeza kila kitufe anachokiona, na mwisho hupigiwa simu fundi, ambaye hulipwa nauli na ujira kwa kazi ambayo pengine humalizika kwa dakika chache.

Wakati huo huo, mwanafunzi anayetakiwa kutuma kazi ya chuo kabla ya saa sita usiku, mfanyabiashara anayepokea oda kwa barua pepe na mzazi anayesubiri kuzungumza na mwanawe aliye ughaibuni, wote hukwama.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo inaweza kuepukwa. Mtandao wa nyumbani ni mnyororo wa viungo vitano: kifaa cha mtumiaji, waya au mawimbi yanayokiunganisha, ruta, mtoa huduma, na dunia iliyo nje ya mtoa huduma huyo. Kila kiungo kina namna yake ya kupimwa, na vipimo hivyo havihitaji vifaa vya gharama. Anayepima kwa mpangilio, kuanzia ndani kwenda nje, hutambua kiungo kilichokatika na hivyo hujua kama tatizo ni lake au ni la anayemuuzia huduma.

Ujuzi huo haukuwa na umuhimu mkubwa miaka ya nyuma. Kabla ya mkongo wa Seacom kufika Afrika Mashariki Julai 2009 na ule wa EASSy kufuata mwaka 2010, eneo hili lilitegemea zaidi satelaiti, bei ilikuwa kubwa, na watu wengi walitumia intaneti ofisini au katika vibanda vya intaneti ambako mipangilio ilikuwa kazi ya mwenye kibanda. Leo ruta imeingia sebuleni, na mwenye nyumba amekuwa msimamizi wa mtandao hata kama hakuomba kazi hiyo.

Vifaa na kazi zake

Nyumba iliyounganishwa kwa mkongo huwa na kifaa kidogo ambacho waya mwembamba wa kioo huingia ndani yake. Kazi yake ni kubadilisha mwanga uletwao na mkongo kuwa ishara za umeme. Nyumba inayotumia laini ya simu huwa na ruta yenye nafasi ya laini, na hupokea mawimbi kutoka mnara wa kampuni ya simu. Mara nyingi vifaa hivi huunganishwa na ruta katika boksi moja, hivyo wengi hudhani ni kitu kimoja.

Ruta yenyewe hufanya kazi nne. Kwanza, hupitisha taarifa kati ya nyumba na mtoa huduma. Pili, hugawa matundu ya nyaya kwa kompyuta, printa au runinga. Tatu, hurusha mawimbi ya Wi-Fi. Nne, hutoa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga. Kujua kazi hizi ni muhimu, kwa sababu moja inaweza kufa huku nyingine tatu zikiendelea.

Nyuma ya ruta huwa na tundu moja la nje, ambalo kwa kawaida huwa na rangi tofauti au huandikwa WAN, na matundu kadhaa ya ndani yanayoandikwa LAN au namba. Waya unaotoka kwa mtoa huduma huingia tundu la nje, na vifaa vya nyumbani huingia matundu ya ndani. Kubadilisha nafasi hizo, jambo ambalo hutokea wakati wa kufanya usafi au kuhamisha samani, hutosha kuikosesha nyumba nzima intaneti.

Anwani na namna zinavyofanya kazi

Kila kifaa mtandaoni huhitaji anwani, inayojulikana kama anwani ya IP. Katika mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, anwani huandikwa kwa namba nne zinazotenganishwa na nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mfumo huo una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho katika hazina ya dunia yaligawiwa mamlaka za kanda Februari 3, 2011.

Ili anwani hizo zitosheleze, mwaka 1996 mafungu matatu yalitengwa kwa matumizi ya ndani pekee: yanayoanza na 10, yanayoanzia 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Ndiyo maana kompyuta ya Tabata na nyingine ya Nyamagana zinaweza zote kuwa na anwani 192.168.1.5 bila kugongana.

Utaratibu huu unafanana na sanduku la posta la shule. Wanafunzi mia kadhaa hutumia S.L.P. moja, na barua zikifika, karani huzigawa kwa kufuata majina na madarasa. Anwani ya nje ya ruta ndiyo S.L.P., anwani za ndani ndiyo madarasa, na ruta ndiyo karani anayekumbuka barua ipi ni ya nani.

Ugawaji wa anwani za ndani hufanywa na mfumo uitwao DHCP. Kifaa kikijiunga, ruta hukipa anwani kwa muda maalumu, kama nyumba ya wageni inavyompa mgeni namba ya chumba. Pamoja na anwani hiyo, kifaa hupewa taarifa nyingine mbili. Ya kwanza ni lango, yaani anwani ya ruta yenyewe, ambayo kila kitu kiendacho nje lazima kiipitie. Ya pili ni anwani ya seva ya DNS.

DNS, mfumo uliobuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris, hutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Mtu mwenye simu hubofya jina la ndugu yake na simu hutafuta namba. DNS hufanya kazi hiyo hiyo kwa tovuti. Ikishindwa, intaneti ipo lakini hakuna ukurasa unaofunguka, na mtumiaji huapa kwamba mtandao umekatika.

Kuweka ruta kwa mara ya kwanza

Mipangilio ya ruta hufunguliwa kwa programu ile ile inayotumika kusoma kurasa za intaneti. Mtumiaji huunganisha kompyuta na ruta, ikiwezekana kwa waya, kisha huandika anwani ya lango mahali pa kuandika jina la tovuti. Anwani hiyo huwa kwenye kibandiko chini ya ruta, na mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Kibandiko hicho pia huonyesha jina la msimamizi na neno la siri la kiwandani.

Jambo la kwanza la kufanya ni kubadilisha neno la siri la msimamizi. Hili si neno la siri la Wi-Fi, ingawa wengi huyachanganya. Neno la Wi-Fi humruhusu mtu kutumia mtandao; neno la msimamizi humruhusu kuubadilisha mtandao wenyewe.

Jambo la pili ni Wi-Fi. Jina la mtandao lisitaje jina la familia wala namba ya nyumba. Aina ya ulinzi inayofaa ni WPA3, ambayo ilitangazwa mwaka 2018, au WPA2 iwapo kuna vifaa vya zamani visivyoielewa. Ulinzi wa WEP usitumike kabisa, kwa kuwa udhaifu wake ulibainishwa na wataalamu tangu mwaka 2001. Neno la siri la WPA2 huruhusiwa kuwa na herufi 8 hadi 63, na sentensi fupi ya maneno manne au matano yasiyohusiana ni imara na hukumbukwa kirahisi kuliko herufi chache zilizochanganywa na alama.

Jambo la tatu ni kuzima WPS, njia ya mkato inayoruhusu kifaa kujiunga kwa namba ya tarakimu nane. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta hukagua tarakimu hizo kwa mafungu mawili, hivyo mwizi hahitaji kujaribu mamilioni ya namba bali 11,000 tu. Kwa ruta ambazo hazijifungi baada ya makosa kadhaa, hiyo ni kazi ya saa chache.

Jambo la nne ni kusasisha programu ya ruta kutoka ukurasa wake wa mipangilio, na la tano ni kufungua mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi za sasa wanao. Mgeni hupata intaneti bila kuona kompyuta na printa za familia, na neno lake la siri linaweza kubadilishwa bila kusumbua vifaa vya nyumbani. Kamera za ulinzi na runinga za kisasa nazo huwekwa vizuri zaidi katika mtandao huo.

Kabla ya kufunga ukurasa, mtumiaji anashauriwa kunakili katika daftari mipangilio yote ya upande wa mtoa huduma: aina ya muunganisho, jina la akaunti na neno lake la siri kama vipo. Daftari hilo litaokoa siku nzima litakapohitajika.

Vipimo vya kutafuta hitilafu

Kabla ya kugusa chochote, maswali mawili huulizwa. Je, tatizo ni la vifaa vyote au kimoja? Simu ikifungua kurasa na kompyuta ikishindwa, ruta na mtoa huduma hawana kosa, na uchunguzi hubaki kwenye kompyuta. Je, muda wa kifurushi haujaisha? Kifurushi kilichokwisha huonekana kama hitilafu, kwa kuwa Wi-Fi huendelea kuonyesha alama kamili.

Alama hizo kamili ndizo zinazowapoteza wengi. Huonyesha nguvu ya mawimbi kati ya kifaa na ruta tu, wala hazisemi lolote kuhusu kilicho nje ya nyumba.

Kinachofuata ni kutazama taa. Katika kifaa cha mkongo, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu humaanisha mwanga haufiki: waya wa kioo umekatika, umekunjwa mno au umechomoka. Waya huo haukunjwi kama wa kawaida, na panya au kabati lililosogezwa hutosha kuuvunja. Taa hiyo ikiwa nyekundu, hakuna mpangilio wa kubadilisha ndani ya ruta; anayehitajika ni mtoa huduma.

Taa zikiwa sawa, vipimo huhamia kwenye kompyuta. Katika Windows, mtumiaji hufungua dirisha la amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafuta, kisha huandika amri ya ipconfig. Majibu yataonyesha anwani ya kompyuta na lango lake.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Maana yake waya umelegea, muunganisho wa Wi-Fi haukukamilika, au ruta haigawi anwani. Amri ya ipconfig /release ikifuatiwa na ipconfig /renew huilazimisha kompyuta kuomba upya.

Anwani ikiwa ya kawaida, hutumika amri ya ping, iliyoandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss. Amri hiyo hutuma ujumbe mfupi, husubiri jibu, na huhesabu muda uliopita kwa sehemu za elfu moja za sekunde. Hutumika mara tatu, kila mara mbali zaidi.

Ya kwanza huelekezwa kwenye lango, kwa mfano ping 192.168.1.1. Jibu lisipokuja, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta. Likija kwa muda mfupi, ndani ya nyumba ni salama.

Ya pili huelekezwa kwenye anwani inayojulikana nje, kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Lango likijibu na anwani hizo zote mbili zikakaa kimya, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma, au mbele yake.

Ya tatu huelekezwa kwenye jina, kwa mfano ping google.com. Namba ikijibu na jina likashindwa kutafsiriwa, mwenye kosa ni DNS. Hapo mtumiaji anaweza kuandika amri ya ipconfig /flushdns ili kufuta majina ya zamani yaliyohifadhiwa, au kuweka katika mipangilio ya ruta anwani za seva nyingine ya DNS badala ya ile ya mtoa huduma.

Kompyuta za Mac na zile za Linux nazo zina amri ya ping, ila huendelea hadi ziambiwe ziache kwa kubonyeza Control na C kwa pamoja. Kwenye simu, anwani na lango huonekana kwa kubofya jina la mtandao katika mipangilio ya Wi-Fi.

Ikiwa ping ya pili imeshindwa, amri ya tracert huonyesha kila kituo ambacho ujumbe hupitia. Majibu yakikoma baada ya kituo cha kwanza, ambacho ni ruta, hiyo ni hoja ya kumpelekea mtoa huduma. Tahadhari inahitajika hapa, kwa sababu baadhi ya vituo huwekwa visijibu. Nyota chache katikati ya orodha si tatizo endapo vituo vinavyofuata vinajibu.

Makosa yanayojirudia

Kosa moja hutokea katika nyumba kubwa. Familia hununua ruta ya pili ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma, na huiunganisha kwa waya na ile ya kwanza kupitia matundu ya ndani. Ruta zote mbili huanza kugawa anwani, na baadhi ya vifaa hupewa lango lisiloelekea popote. Intaneti hupatikana kwa huyu na kukosekana kwa yule, na kesho yake hali hugeuka.

Dawa yake ni kuzima DHCP katika ruta ya pili, kuipa anwani yake ya kipekee katika fungu lile lile, kwa mfano 192.168.1.2, huku anwani hiyo ikiwa nje ya zile zinazogawiwa na ruta ya kwanza, na kuacha tundu lake la nje wazi. Ruta nyingi mpya zina chaguo linalofanya yote hayo kwa mara moja.

Kosa la pili ni saa. Betri ndogo ndani ya kompyuta ya zamani ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika. Tovuti za benki na barua pepe hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2010 huvikataa vyote. Ping hujibu, lakini kurasa hutoa onyo. Tiba ni kurekebisha tarehe na kununua betri mpya.

La tatu ni waya. Kipande kimoja cha waya wa mtandao hakipaswi kuzidi mita 100, na ndani yake huwa na nyaya nane zilizosokotwa kwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, ilhali ile ya megabiti 1,000 hutumia zote nne. Waya ulioumizwa mlangoni unaweza kuendelea kufanya kazi huku kasi ikiwa imeshuka mara kumi, bila yeyote kushuku.

La nne huwahusu walionunua kamera za ulinzi wakitaka kuitazama nyumba wakiwa safarini. Watoa huduma wengi, hasa wa mitandao ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukurasa wa ruta ukionyesha kwamba anwani yake ya nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, au ni ya mafungu ya ndani, hakuna mlango utakaofunguliwa kwenye ruta utakaoruhusu kamera kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Mteja huhitaji anwani maalumu kutoka kwa mtoa huduma, au kamera zinazopitia seva ya mtengenezaji.

Intaneti ipo, lakini ni ya polepole

Malalamiko mengine hutokana na hesabu. Watoa huduma huuza kasi kwa megabiti, wakati kompyuta huonyesha ukubwa wa mafaili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mteja wa megabiti 20 kwa sekunde akiona faili likishuka kwa megabaiti 2.5 kila sekunde, hajaibiwa; anapata alichokilipia chote.

Kipimo cha haki hufanywa kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Kasi ikiwa nzuri kwenye waya na mbaya hewani, dosari iko kwenye Wi-Fi.

Wi-Fi nyingi hutumia masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa: majirani, simu zisizo na waya na jiko la maikrowevu hutumia eneo hilo hilo. Ndani yake, chaneli 1, 6 na 11 pekee ndizo zisizoingiliana katika mpangilio wa kawaida, hivyo kuchagua iliyo na watu wachache huleta nafuu. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi zaidi, lakini hudhoofika haraka kwenye kuta za zege.

Mahali pa ruta nako kuna uzito wake. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la runinga, nyuma ya friji au kando ya tangi la maji hupoteza nguvu nyingi kabla mawimbi hayajafika mlangoni. Inafaa iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kimo cha samani, mahali penye hewa. Aidha, kifaa cha kuhimili mabadiliko ya umeme ni cha lazima katika maeneo ambayo umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, na radi zinaposikika ni busara kuchomoa waya wa umeme na waya wa shaba unaotoka nje.

Uzembe wa mmoja, hasara ya wengi

Ruta isiyolindwa haimuumizi mwenyewe peke yake. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu takriban majina na maneno ya siri 60 ya kiwandani kwenye kamera na ruta. Vifaa vilivyotekwa vilitumiwa Oktoba 21 mwaka huo kuizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikihudumia DNS za tovuti kubwa, na Twitter na Netflix zikawa miongoni mwa zilizoshindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Wamiliki wengi wa vifaa hivyo hawakuwa na habari.

Kabla ya hapo, programu ya DNSChanger ilibadilisha anwani za DNS katika kompyuta zipatazo milioni nne katika nchi zaidi ya 100, na iliweza kubadilisha hata zile za ruta zilizokuwa na maneno ya siri ya kiwandani. Waathirika walipelekwa kwenye kurasa za matapeli huku wakiamini wako wanakotaka. Wahusika walikamatwa Novemba 2011, na seva za muda zilizowekwa kuwasaidia waathirika zilizimwa Julai 9, 2012. Kompyuta ambazo hazikuwa zimerekebishwa zilikosa intaneti siku hiyo, ingawa nyaya na ruta zilikuwa nzima.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa ruta haupaswi kuishia kwenye Wi-Fi. Mara kwa mara mwenye nyumba atazame anwani za DNS zilizoandikwa humo na orodha ya vifaa vilivyojiunga. Asichokitambua akiondoe kwa kubadilisha neno la siri la Wi-Fi. Kuchuja vifaa kwa namba zao za utambulisho hakutoshi tena, kwa kuwa simu nyingi za sasa hubadilisha namba hizo kulinda faragha ya mtumiaji.

Kitufe cha kuogopwa na simu ya kupigwa

Nyuma ya ruta kuna kitufe kidogo kilichozama ndani, ambacho hubonyezwa kwa kijiti. Kazi yake ni kuirejesha ruta katika hali ya kiwandani, na si sawa na kuizima na kuiwasha. Akikishikilia kwa sekunde kadhaa, mtumiaji hufuta jina la akaunti, neno la siri na kila kilichowekwa na mafundi wa mtoa huduma. Tatizo dogo la DNS, ambalo lingeisha kwa dakika mbili, hugeuka kuwa siku mbili za kusubiri fundi, na ruta hubaki na neno la siri linalojulikana na kila mtu. Kitufe hicho ni cha mwisho, na hubonyezwa na aliyenakili mipangilio yake tu.

Vipimo vikionyesha kwamba hitilafu iko nje, anayepiga simu kwa mtoa huduma atasikilizwa haraka zaidi akieleza alichokiona: rangi za taa, saa tatizo lilipoanza, kwamba lango linajibu na anwani za nje hazijibu, na kwamba amejaribu kwa waya. Maelezo hayo humwondolea mpokeaji simu haja ya kumrudisha kwenye hatua ya kuzima na kuwasha.

Wakati mwingine hata mtoa huduma hana la kufanya kwa haraka. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika katika pwani ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zilipata intaneti ya kusuasua au zikaikosa. Siku ile, ping ya lango ilijibu katika kila nyumba yenye ruta nzima. Aliyeijua amri hiyo alitambua kwamba kosa halikuwa sebuleni kwake, akaiacha mipangilio yake kama ilivyokuwa, na huduma iliporejea hakuwa na cha kutengeneza.